UGAVI, NGUVU NA KUWAKA: Uhakiki wa Istilahi za Mwongozo Mmoja wa Kusaka Hitilafu za Kompyuta

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi ya kutafuta, kujadili na kusanifisha istilahi imezaa orodha nyingi. Katika kuzihakiki istilahi hizo tumezoea kuuliza maswali ya namna tatu: je, neno limetokana na Kiswahili chenyewe au lahaja zake, je, limetoka katika lugha za jamaa zetu wa Kibantu, na kama limekopwa ng'ambo, je, limevalishwa vazi la matamshi yetu? Maswali hayo ni ya haki, nasi hatukusudii kuyatupa. Lakini liko swali la nne ambalo aghalabu hatuliulizi, nalo ni hili: msomaji akishalisoma neno, mkono wake unakwenda wapi?

Katika hadithi au shairi, neno lisilofaa huharibu ladha, na msomaji akasonga mbele. Katika mwongozo wa fundi, neno lisilofaa huunguza mashine, na pengine likamdhuru mtu. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuuhakiki mwongozo mmoja mdogo, usio na sifa yoyote kubwa, ambao tuliukuta ukitumika mkoani Ruvuma. Tumeuchagua kwa kuwa makosa yake si ya mfasiri mmoja tu. Ni makosa yetu sote tunaofasiri mambo ya mitambo tukiwa tumeikalia mbali mitambo yenyewe.

Mwongozo wenyewe na mahali pake

Mwongozo huo ni karatasi mbili, zimefasiriwa kutoka Kiingereza, wala hazina jina la mfasiri au la mchapishaji. Unaeleza hatua za kufuata iwapo kompyuta ya mezani inakataa kufanya kazi baada ya kubadilishwa kile kisanduku cha bati, chenye feni, kinachopokea umeme wa ukutani na kuwagawia viungo vya ndani. Nakala ya kwanza tuliiona Mbinga mjini katika duka la vifaa. Ya pili tuliikuta imebandikwa ukutani katika ofisi ya walimu wa shule moja ya sekondari kando ya Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Jina la shule hatulitaji, maana haja yetu ni maneno.

Somo la mwongozo huu si geni kwa watu wa huko. Kwa miaka mingi miji ya Songea na Mbinga ilitegemea mashine za dizeli za TANESCO. Gridi ya Taifa iliifikia Songea kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 2018. Hali imekuwa bora sana kuliko zamani. Hata hivyo, waya unaopita katika milima ya Umatengo na kuteremka hadi ziwani hupita penye miti, mvua nyingi na radi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kitu kinachobeba pigo la kwanza ndani ya kompyuta ni kisanduku hicho. Basi kukibadilisha ni kazi ambayo mwalimu wa kijijini hujikuta akiifanya mwenyewe, kwa bisibisi ya kuazima, kwa kuwa fundi yuko mbali na nauli ni pesa.

Ndivyo ilivyokuwa siku tulipofika. Kompyuta pekee ya ofisi ilikuwa imekufa. Kisanduku kipya kilikuwa kimenunuliwa Mbinga, mitihani ya majaribio ya Kidato cha Nne ilikuwa haijapigwa chapa, na fundi mmoja aliyepita njia alikuwa amekwisha toa hukumu kwamba ubao mkuu nao umeungua, hivyo mashine yote ipelekwe Songea. Mwalimu mhusika aliamua kuufuata mwongozo hatua kwa hatua kabla ya kuikubali hukumu hiyo. Sisi tulikaa kando kama wahakiki, tukitazama neno lipi linampeleka wapi.

Kwanza: "ugavi wa umeme"

Hatua ya kwanza ya mwongozo inamtaka msomaji ahakikishe kwamba ugavi wa umeme ni mzima. Mwalimu alisoma, akatoka nje, akaenda kuitazama mita ya LUKU. Akarudi akatuambia kuwa yuniti zipo na taa zinawaka, kwa hiyo ugavi hauna kasoro. Akatia alama ya vema katika hatua ya kwanza.

Hatuoni kwamba alikosea kusoma. Kwa Mtanzania yeyote, ugavi wa umeme ni ile huduma inayoletwa na shirika hadi mlangoni kwake. Neno hili limekwisha kaa mahali pake, katika magazeti, katika Bunge na katika matangazo ya kukatika kwa umeme. Mfasiri alilikuta neno la Kiingereza ambalo lina maana zote mbili, yaani huduma na kifaa, akalifasiri kwa sura ya maana ya kwanza huku akikusudia ya pili.

Lakini kasoro yenyewe ni ya ndani zaidi, nayo ni ya sarufi. Nomino zenye kiambishi u- zinazotokana na vitenzi, kama ugavi, ulinzi, uchapaji na ushonaji, hutaja tendo au hali. Aghalabu hazitaji chombo. Kiswahili kina njia yake mashuhuri ya kutaja chombo, nayo ni kiambishi ki- kikifuatwa na kitenzi na yambwa yake: kipazasauti, kinasasauti, kipimajoto, kizimamoto. Maneno haya hayakuhitaji kupigiwa debe, kwa kuwa muundo wake unajieleza. Asikiaye kizimamoto kwa mara ya kwanza anajua kuwa ni kitu, tena anajua kazi yake. Asikiaye ugavi wa umeme hajui kwamba anatakiwa kushika bisibisi.

Kwa kufuata muundo huo tunapendekeza kigawaumeme. Tulilifikiria pia neno kipozaumeme, nalo lilituvutia. Wananchi wa Ruvuma wamelizoea tamko "kituo cha kupoza umeme", na kweli kisanduku hiki hupoza: hupokea volti 230 za mkondo geu kutoka ukutani, kikatoa volti 12, 5 na 3.3 za mkondo usiobadili mwelekeo. Lakini kupoza kumekwisha shikamana na transfoma, na kulihamisha neno kungezaa utata mpya badala ya kuondoa ule wa zamani. Zaidi ya hayo, transfoma haigeuzi mkondo geu kuwa mnyoofu, wala haiwagawii viungo mbalimbali volti mbalimbali. Kugawa ndiyo kazi ya pekee ya kisanduku hiki, na jina lake liitaje kazi hiyo.

Mafundi wa Mbinga, kama wenzao wa Kariakoo, husema pawasaplai. Hatuna ugomvi nao. Neno hilo halina utata hata kidogo, na mwalimu wetu alipolisikia aligonga kisanduku kwa kidole papo hapo. Yafaa mwongozo uandike kigawaumeme na, mara ya kwanza tu, ueleze kuwa ndicho mafundi wanachokiita pawasaplai. Istilahi sanifu haipungukiwi heshima kwa kutambulishwa na neno la mtaani.

Pili: "nguvu"

Mwongozo unasema kwamba nguvu ya kifaa kipya iwe sawa na ya kile cha zamani au izidi. Mistari michache baadaye unasema kwamba msomaji achague nguvu inayofaa kwa nchi yake kwa kutumia swichi ndogo iliyo nyuma. Neno ni lile lile, lakini mambo ni mawili yanayokinzana.

Katika sentensi ya kwanza kinachotajwa ni wati, yaani kadiri ya kazi ambayo kigawaumeme kinaweza kuihimili. Hapo kuzidi si kosa. Kigawaumeme cha wati 450 kikiwekwa mahali pa kile cha wati 300 hakitaunguza kitu, kwa sababu viungo huchota kiasi vinachohitaji tu. Katika sentensi ya pili kinachotajwa ni volti, yaani msukumo wa umeme. Hapo kuzidi wala kupungua hakuruhusiwi. Ni lazima zilingane.

Vigawaumeme vingi vya zamani, ambavyo bado vinazunguka katika maduka ya vifaa vilivyotumika, vina swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Tanzania hutumia volti 230. Swichi ikiachwa penye 115 kisha plagi ikachomekwa ukutani, kigawaumeme hupasuka kwa mlio na moshi mara moja. Vile vipya vingi hujipima vyenyewe, wala havina swichi hiyo.

Kigawaumeme cha shule kilikuwa na swichi. Mwalimu aliposoma kwamba achague nguvu inayofaa, alitafakari kidogo, akaanza kuisogeza kuelekea 115. Tulimwuliza sababu. Akajibu kwamba kile cha kwanza kiliungua kwa nguvu nyingi, kwa hiyo ni busara kuanza na nguvu ndogo. Tuliuwahi mkono wake. Jibu lake lilikuwa la mtu mwenye akili timamu aliyepewa neno bovu. Kama nguvu ni kitu kimoja, na kama nguvu nyingi ndiyo iliyounguza, basi nguvu ndogo ndiyo salama.

Hapa hatuhitaji kutunga chochote. Volti, wati na ampea ni maneno yaliyokwisha ingia katika vitabu vya fizikia vya shule zetu, na yameandikwa juu ya kifaa chenyewe. Mfasiri aliyakwepa, pengine akidhani kwamba nguvu ni Kiswahili zaidi. Huo ni usafi wa lugha usiokuwa na faida. Neno la kukopa lenye mpaka ni bora kuliko neno la asili lisilo na mpaka.

Tatu: "haiwaki"

Sasa tumefika penye kiini cha uhakiki wetu. Katika karatasi mbili hizo kitenzi kuwaka kinarudiwa kila mara. Kama kompyuta haiwaki, fanya hivi, ikiwaka, endelea. Kitenzi hiki kimetoka katika moto na taa. Taa huwaka au haiwaki, hakuna hali ya tatu. Kompyuta haiko hivyo. Baada ya kigawaumeme kubadilishwa, mashine inaweza kuwa katika mojawapo ya hali tatu za ubovu, na kila hali inaonyesha mahali pake pa kutafuta.

Hali ya kwanza ni ya ukimya mtupu. Hakuna feni inayozunguka, hakuna kitaa kinachong'aa. Hapo mtafutaji aanze nje: soketi ya ukutani, waya, kitufe kilicho nyuma ya kigawaumeme, kisha nyaya nyembamba zinazotoka katika kitufe cha mbele kwenda kwenye ubao mkuu, ambazo huchomoka kwa urahisi mtu anapopenyeza mkono.

Hali ya pili ni ya kuzunguka bila picha. Feni zinalia, vitaa vinang'aa, lakini kioo kimekaa cheusi. Hapo kigawaumeme kinafanya kazi. Kinachotafutwa ni kiungo kilichonyimwa umeme au kilicholegea: plagi ya pili ya ubao mkuu, vibao vya kumbukumbu, kadi ya picha.

Hali ya tatu ni ya kuamka nusu. Picha inakuja, maandishi yanaonekana, kisha mashine inalalamika kwamba haioni diski, au saa yake imerudi nyuma miaka mingi. Hapo mtafutaji atazame waya wa umeme wa diski, na betri ndogo ya volti 3 inayoitunza saa wakati waya wa ukutani umechomolewa.

Kitenzi kimoja hakiwezi kuzibeba hali tatu. Mwalimu alipobonyeza kitufe, feni zilizunguka na kioo kikabaki cheusi. Akaurudia mwongozo: kama haiwaki, rudi hatua ya kwanza, ikiwaka, nenda hatua ya saba. Akatutazama. "Sasa hii imewaka au haijawaka?" Swali hilo peke yake ni uhakiki tosha wa karatasi zile mbili.

Jambo la kutia moyo ni kwamba lugha ya karakana imekwisha yatenganisha mambo haya. Fundi hasemi tu kwamba kompyuta haiwaki. Utamsikia akisema "haipati umeme", au "inazunguka lakini haileti picha", au "inaleta picha lakini inagoma njiani". Maneno hayo yana picha na yana mpaka. Mfasiri angesimama dakika kumi mlangoni mwa karakana, angerudi na istilahi tatu zilizo tayari. Nasi tunapendekeza kupata umeme, kuzunguka na kuamka, kila moja ikiwa jina la hatua yake. Tunajua kuwa kuamka ni sitiari. Lakini hata kuwaka ni sitiari, na kuamka kuna faida ya kukubali viwango: mtu huweza kufumbua macho asiinuke.

Kinyume chake, kitenzi kuzima kina ubovu ule ule, tena wa hatari zaidi. Mwongozo unasema zima umeme kabla ya kufungua. Mtu anaweza kuzima kwa kitufe cha mbele akadhani amemaliza, ilhali kompyuta iliyozimwa hivyo, ikiwa bado imechomekwa, huendelea kupokea volti 5 za kungojea. Neno linalotakiwa ni chomoa. Aidha, mwongozo haukusema kwamba kigawaumeme chenyewe kisifunguliwe kamwe, kwa kuwa kapasita zake huweza kushika umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa. Kosa hili la pili ni la kunyamaza, na kunyamaza pia ni sehemu ya tafsiri.

Nne: "sipiyu"

Tuliposoma tena, tulikuta sentensi inayoagiza kwamba plagi ya CPU ichomekwe. Mwalimu aligeuza sanduku zima la kompyuta, akaonyesha waya mnene uliotoka nyuma kwenda ukutani. "Ya sipiyu imechomekwa, hii hapa."

Msomaji wa mjini anaweza kucheka, lakini asicheke haraka. Katika shule na ofisi zetu, sipiyu ni jina la sanduku zima: kioo ni kioo, kibodi ni kibodi, na lile sanduku ni sipiyu. Katika vitabu vya kompyuta, herufi hizo tatu hutaja kiungo kimoja kidogo kilicho ndani, ambacho kwa Kiswahili tumekiita kichakataji. Na katika Mbinga ya wakulima wa kahawa, iko sipiyu ya tatu: mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa mbivu, ambao wakulima hupeleka matunda yao ili yamenywe, yaoshwe na kuanikwa kwa ubora mmoja. Herufi ni zile zile tatu, zimefupishwa kutoka maneno mengine kabisa. Mzee mmoja mkulima, aliyekuwa amekuja kuulizia ada ya mjukuu wake, alisikia mazungumzo yetu akauliza shule imepata lini sipiyu.

Tulipomweleza mwalimu kwamba inayotajwa ni plagi ya kichakataji, aliuliza kichakataji kiko wapi. Tukatazama ndani pamoja. Ubao mkuu hupokea umeme kwa plagi mbili. Moja ni kubwa, yenye matundu 24, nayo ilikuwa imekaa vema. Ya pili ni ndogo, yenye matundu manne katika mashine za kawaida na manane katika zile kubwa, nayo hukilisha kichakataji peke yake. Ile ndogo ilikuwa inaning'inia kando, imejificha nyuma ya waya nyingine. Mwalimu akaichomeka ikabana. Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka kama kwanza, kisha ukasikika mlio mmoja mfupi, na picha ikaja.

Ubao haukuwa umeungua. Lililokosekana ni plagi ya matundu manne, na lililoificha ni neno. Kama mwongozo ungesema kwamba ubao mkuu una plagi mbili, moja kubwa na moja ndogo iliyo karibu na kichakataji, kazi ingekwisha saa mbili kabla.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, ufupisho wa herufi si istilahi. Ni mlango uliofungwa, na kila jamii huufungua kwa ufunguo wake. Tukubali kwamba LUKU imefaulu, lakini imefaulu kwa sababu maneno yake ni ya Kiswahili, na hata asiyejua urefu wake hulisikia ndani yake lile neno luku. La pili, hata kichakataji hakijatoka hatarini. Kuchakata ndiyo kazi inayofanywa na ile sipiyu ya kahawa, na katika wilaya hiyo kuchakata ni kitenzi cha kila siku. Hatusemi neno liachwe, kwa kuwa limekwisha enea na muundo wake ni mzuri. Tunasema kwamba litakapoandikwa katika mwongozo wa kwanza kwa msomaji mgeni, liandikwe kichakataji cha kompyuta.

Tano: "waya wa chini" na "nyaya zinazolingana"

Makosa mawili yaliyobaki tutayapitia kwa ufupi. Mwongozo unaeleza namna ya kukijaribu kigawaumeme kikiwa nje ya mashine: katika plagi kubwa, waya wa kijani uunganishwe na "waya wa chini", na feni ikizunguka basi kifaa kipo hai. Jaribio ni sahihi. Lakini waya wa chini, kwa Kiswahili cha kawaida, ni ule uliokaa chini ya mwingine. Anayeishika plagi mkononi atauchukua wa safu ya chini, na katika safu hiyo zimo nyaya za njano za volti 12 na nyekundu za volti 5. Waya unaotakiwa ni mweusi. Kwa Kiswahili aitwe waya wa ardhi, ambao mafundi huuita wa ethi. Na kwa kuwa vigawaumeme vingi vya siku hizi vina nyaya nyeusi tupu, maelezo ya rangi hayatoshi, lazima pawepo mchoro wa matundu.

Kadhalika mwongozo unaruhusu kutumia nyaya za kigawaumeme cha zamani "zinazolingana". Msomaji hupima kulingana kwa macho: plagi ikiingia, zimelingana. Kumbe kwa vigawaumeme ambavyo nyaya zake huchomoka pande zote mbili, plagi huweza kuingia sawasawa na mpangilio wa ndani ukawa mwingine, hata volti 12 zikapelekwa mahali pa volti 5. Diski iliyobeba kumbukumbu za shule ya miaka kumi huweza kuungua hivyo katika sekunde moja. Sentensi iliyofaa ni fupi: tumia nyaya zilizokuja pamoja na kigawaumeme hicho hicho, usitumie nyingine.

Chanzo cha kasoro

Tukijiuliza kwa nini kasoro hizi zimekuwa nyingi hivi, hatuna budi kutazama nyuma. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikalegezwa baadaye kidogo kidogo. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo usanifishaji wa istilahi ulikuwa na ari kubwa, mashine yenyewe haikuwapo mikononi mwa watu. Tulijadili ngamizi, wenzetu wa Kenya wakaeneza tarakilishi, na mwisho wananchi wa Tanzania wakachagua kompyuta. Mjadala ulikuwa juu ya jina la sanduku. Viungo vilivyomo ndani ya sanduku tuliviachia nafasi.

Ilipofika mwaka 2004, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake ilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice, na baada yake makampuni makubwa nayo yakafuata. Faili, kabrasha, kivinjari na pakua yakapata watumiaji. Lakini hayo yote ni maneno ya juu ya kioo. Aliyekaa mbele ya kioo amehudumiwa. Aliyepiga magoti nyuma ya meza na bisibisi mdomoni bado anangoja.

Ajapo mfasiri kujaza pengo hilo, hukaa na kamusi na asilimia kubwa ya kazi yake ni kubadilisha neno kwa neno. Haoni swichi nyekundu, haoni plagi ya matundu manne, hajui kuwa mahali mwongozo utakaposomwa sipiyu ni ya kahawa. Nchi ile ile ya Umatengo inatufundisha njia nyingine. Neno ngoro, jina la kilimo cha mashimo cha Wamatengo katika miteremko ya milima yao, halikutungwa na kamati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walipofika kukichunguza kilimo hicho katika miaka ya 1990, walilikuta shambani, wakalichukua, na leo limo katika maandiko ya kilimo ya lugha nyingine. Neno lililopimwa na kazi huenda mbali.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunawasilisha istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Kigawaumeme (ki-/vi-): kisanduku ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani, kuupoza na kuwagawia viungo, pawasaplai.

Ubao mkuu (u-/m-): ubao ambao viungo vyote vya kompyuta huunganishwa kwake. Tunalikataa "ubao mama", ambalo ni kivuli cha Kiingereza na halisemi lolote juu ya kazi ya kifaa.

Plagi kubwa na plagi ya kichakataji: plagi mbili za kuulisha ubao mkuu, zitajwe daima pamoja.

Waya wa ardhi: waya wa kurudishia mkondo, ethi.

Kupata umeme, kuzunguka, kuamka: hatua tatu za kompyuta kuanza kazi.

Kusaka hitilafu: kutafuta kwa utaratibu mahali palipoharibika. "Utatuzi wa matatizo" tunaliona halifai hapa, kwa sababu linataja mwisho wa kazi wakati kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Tabibu hatibu kabla ya kupima.

Wako watakaosema kwamba haya ni madogo, na kwamba kijana wa leo husoma mambo hayo kwa Kiingereza. Tunawajibu kwamba mwalimu tuliyemwona anakijua Kiingereza, lakini karatasi ilibandikwa ukutani kwa ajili ya karani, mlinzi wa zamu na wanafunzi wa klabu ya kompyuta, ambao wanastahili kuelewa bila kukisia.

Tamati

Tunaliomba Baraza lianzishe desturi moja isiyo na gharama kubwa: kabla istilahi za ufundi hazijapitishwa, zisomwe kwa sauti mbele ya mtu mwenye kifaa mkononi, naye asiambiwe lolote zaidi ya neno lenyewe. Mkono wake ukienda panapohusika, neno lipite. Ukienda kwenye mita ya LUKU, neno lirudi mezani.

Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaozisoma kurasa hizi wanaombwa kutuletea maneno wanayoyasikia katika karakana za maeneo yao, pamoja na maelezo ya kazi ya kila kifaa. Mitihani ya shule ile ilipigwa chapa usiku ule ule, na ile karatasi ya ukutani ikaandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Plagi ni mbili."